Turejeshe Hadi Wapi? Vinyungu, Ihefu, Fuvu la Mkwawa na Maana Nyingi za Kurejesha

Ilula ni mji mdogo wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, uliojipanga kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Msafiri anayeupita huona nyanya: matenga barazani, vijana wakigongelea misumari masanduku ya mbao, malori ya Dar es Salaam yakisubiri kujaa. Mwenyeji husikia pia neno ambalo limemzunguka kila upande. Kwenye vikundi vya mikopo kuna siku ya marejesho. Kwenye mkutano wa kijiji linasomwa tangazo kwamba bustani zilizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni ziachwe ili uoto wa asili urejee. Kanisani, muumini aliyekuwa chini ya nidhamu ya usharika anarejeshwa kundini. Kliniki, mgonjwa anaambiwa dawa zitarejesha kinga yake. Redioni, mjadala ni wa mafuvu ya mababu yaliyoko Ujerumani, yarejeshwe lini na kwa nani.

Neno likitwishwa mizigo mingi kiasi hicho, watu hupishana bila kujua wanapishana wapi. Afisa mazingira akisema "turejeshe bonde", kichwani mwake kuna matete, chemchemi na kina cha maji. Mkulima aliyezoea siku ya marejesho anasikia kwamba anadaiwa, kwamba kuna mali ya mtu aliyoichukua na sasa imefika zamu ya kuitoa. Kila mmoja anatoka mkutanoni akiamini mwenzake ni mkaidi.

Ukiyatazama matumizi haya yote kwa pamoja, kuna jambo linaloyaunganisha na ambalo halisemwi wazi. Kila urejeshaji una mwaka wake ndani, yaani hali fulani ya zamani ambayo mtu ameichagua kuwa ndiyo hali sahihi. Gharama nayo huwaangukia wale walioingia, waliojenga au waliozaliwa baada ya mwaka huo. Mabishano mengi yanayovalishwa lugha ya kitaalamu ni mabishano juu ya nani ana haki ya kuuchagua.

Marejesho ya mkopo: hesabu iliyo wazi

Tuanze na maana ambayo watu wengi wanaishi nayo kila wiki. Mwanakikundi alichukua kiasi kinachojulikana, siku inayojulikana, kwa riba iliyoandikwa. Daftari la mwekahazina linaonyesha nani kalipa na nani bado. Shilingi haina historia: anayerudisha noti hatakiwi kurudisha ileile aliyopewa. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tatizo kubwa lilikuwa hilohilo la marejesho, pamoja na vikundi hewa. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha ili kupanga upya utaratibu, kisha ikaanza tena mwaka uliofuata.

Nguvu ya maana hii ni uwazi wake. Udhaifu wake unajitokeza inapovuka mpaka na kuingia kwenye mambo yasiyo na daftari. Mama aliyewahi kunyang'anywa kitanda na wakopeshaji wa riba kubwa waitwao "kausha damu" hawezi kulisikia neno hili bila kusikia na tishio lake. Ukimwambia mtu huyo arejeshe mto, swali lake la kwanza litakuwa: niliukopa kwa nani? Ni swali halali, na mipango mingi ya mazingira haina jibu lake.

Vinyungu na mita 60

Iringa na Njombe wanajua kinyungu ni nini. Ni bustani ya bondeni, yenye matuta yaliyoinuliwa na mifereji inayopita katikati kuondoa maji yaliyozidi, inayolimwa wakati wa kiangazi ambapo shamba la juu limekauka. Hapo ndipo yanapotoka mahindi mabichi, maharage, kabichi na mboga za miezi ya njaa, na hela ya sare za shule mwezi Januari. Si uvumbuzi wa juzi. Ni kilimo cha wazee.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Kwa upande wa Serikali, kanuni hii ina faida moja kubwa: inapimika. Mtendaji wa kijiji hahitaji shahada ya ikolojia. Anahitaji futi kamba. Na sababu zake ni za kweli. Bonde lililochimbwa mifereji hadi kwenye jicho la chemchemi hutoa maji haraka na kukauka mapema. Dawa za nyanya, ambazo matumizi yake yaliongezeka sana baada ya mdudu kantangaze kuingia nchini mwaka 2014, zikipuliziwa ukingoni huishia kwenye ndoo ya aliye chini.

Ila mita 60 za nchi tambarare na mita 60 za Kilolo si kitu kimoja. Kwenye bonde jembamba la milimani, mita 60 kutoka kila upande ni bonde lote. Kanuni iliyokusudiwa kumsogeza mkulima inamwondoa kabisa, na aliyeondolewa bondeni hupanda mlimani, afyeke mteremko, na udongo ushuke kwenye mto uleule uliokuwa ukihifadhiwa. Huu ndio uzito wa hoja ya wakulima. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi wanazungumza kana kwamba kinyungu cha leo ni kile cha babu. Kile kilikuwa cha familia, kilipumzishwa, na hakikuwa na pampu. Cha leo, hasa kinacholimwa nyanya kwa ajili ya soko la barabarani, kinamwagiliwa kwa mashine na hakilali.

Halafu kuna mikaratusi, ambayo wengi huku huiita milingoti. Kwa miongo mingi wananchi walihimizwa kupanda miti popote, na milingoti ilipandwa hadi kwenye vyanzo vya maji, ikaunywa unyevu uliotakiwa kulindwa. Sasa viongozi wanaagiza ing'olewe huko. Kwa hiyo bonde lirejeshwe hadi wapi: kabla ya milingoti, au kabla ya vinyungu? Anayechagua la kwanza anaikosoa kampeni ya Serikali yenyewe. Anayechagua la pili anamgusa mkulima. Si ajabu kwamba la pili ndilo husemwa kwa sauti kubwa zaidi.

Swali hilohilo linakuzwa mara elfu kwenye nyanda za juu za Mufindi na Kilolo. Sehemu kubwa ya ardhi iliyofunikwa leo na paini za Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ilikuwa nyika ya nyasi yenye maua ya aina nyingi na mabonde oevu. Tanzania imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi katika mpango wa Afrika unaojulikana kama AFR100. Ikiwa kipimo ni idadi ya miti, paini kwenye nyasi itahesabiwa kuwa mafanikio. Ikiwa kipimo ni kile kilichokuwepo, ni kinyume chake. Nasema hivi bila kuidharau paini: masanduku ya nyanya ya Ilula yanatokana na mbao, na nyumba nyingi za kusini zimeezekwa kwa fedha ya mbao. Zao hili ni biashara nzuri na liitwe hivyo. Likiitwa urejeshaji, linachukua nafasi na fedha za jambo jingine.

Shinyanga inaonyesha kwamba yapo mafanikio. Kule vichaka vilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, kisha pamba na vijiji vya ujamaa vikamaliza kilichobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, haukujaribu kuurudisha msitu wa zamani. Uliifufua ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho hadi kiangazi. Kutoka takribani hekta 600 zilizokuwa zimebaki, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 katika miaka isiyozidi 20. Miti mingi ilichipua yenyewe kutoka visiki vilivyokuwa hai ardhini. Kilichofanya kazi ni kwamba mwaka uliorudiwa ulikuwa wa wenyeji wenyewe, na faida yake, yaani malisho, kuni na dawa, ilibaki kwa familia iliyofunga ngitili.

Ihefu: mto uliopewa tarehe

Kama kuna mahali ambapo gharama ya kuchagua mwaka inaonekana kwa macho, ni Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere inakusanyika kwenye bonde hilo, inalisha mpunga, kisha inaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu. Kutoka Ihefu, mto Ruaha Mkuu una mlango mmoja tu, kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unatiririka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba, hata kidogo, mto unakatika, japo nyuma yake pana maji mengi yanayovukizwa na jua.

Mto ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993. Miaka ileile nchi iliingia kwenye mgao wa umeme, kwa kuwa kituo cha umeme wa maji cha Mtera na kile cha Kidatu, chenye megawati 204, vilibeba sehemu kubwa ya umeme wa taifa. Mambo mawili yaliyotokea pamoja yakafanywa kuwa jambo moja, na mshtakiwa akapatikana: mfugaji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa Kisukuma, Kimang'ati na wengine waliondolewa Usangu na ng'ombe wao, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani, kwa malalamiko mengi kiasi kwamba iliundwa tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mpaka huo ukazaa mgogoro wa vijiji vya Mbarali uliodumu miaka mingi.

Mto uliendelea kukatika.

Sababu zinaeleweka ukirudi kwenye kizingiti cha Ng'iriama. Kiangazi, maji yanayoingia Ihefu ni machache, na tofauti ndogo tu huamua kama mwamba utapitwa au hautapitwa. Ng'ombe hanywi kiasi cha kuleta tofauti hiyo. Mifereji ya mashamba ya mpunga huileta, hasa inapoachwa wazi baada ya mavuno au inapofunguliwa mapema ili kuwahi bei ya mwanzo wa msimu. Na hata hapo jambo si jepesi, maana mifereji hiyohiyo ndiyo bomba la vijiji: ukiifunga kabisa mwezi Oktoba, unawafungia watu maji ya kunywa. Kuhusu umeme, Mtera hujazwa zaidi na mafuriko ya masika kuliko matone ya kiangazi, na watafiti wa bonde hilo walionyesha kwamba namna mabwawa yalivyoendeshwa ilikuwa sehemu ya tatizo.

Watetezi wa uamuzi wa 2006 wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa: Ihefu kama makazi ya ndege, samaki na wanyama ilikuwa imechoka, na bila kupunguza shughuli ndani yake isingepumua. Hilo ni lengo linalojitegemea na lingeweza kutetewa kwa jina lake. Kosa lilikuwa kuliuza kama dawa ya mgao wa umeme, na kumtoza ada yake mtu ambaye hakuwa na mfereji. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuinusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu, na safari hii mifereji na vibali vya maji viliingia kwenye mazungumzo kwa uzito zaidi. Ilikuwa takribani miaka 10 tangu ng'ombe waondoke.

Chura wa Kihansi na uhai wa kushikiziwa

Kwenye mteremko wa Udzungwa kuna mfano wa aina nyingine. Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana kwenye vipande vya ardhioevu ambavyo vyote kwa pamoja havizidi mashamba machache. Ndani ya manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyetaga mayai bali kuzaa, na ambaye hakuwepo mahali pengine popote duniani. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa umekwisha kuanza. Mtambo ulipowashwa, sehemu kubwa sana ya maji ikaelekezwa kwenye mabomba, na manyunyu yakakoma.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga manyunyu. Chura aliongezeka, kisha mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa korongoni.

Kuna wanaouliza, wakiwemo wabunge, kwa nini fedha nyingi hivyo zitumike kwa chura wakati zahanati hazina dawa. Wahifadhi wanajibu kwamba kiumbe akitoweka hakuna bajeti ya kumrudisha. Mimi naona hoja ya wahifadhi ni nzito zaidi, lakini inaficha jambo moja. Kihansi haikurejeshwa. Kilichorudishwa ni chura, ndani ya mazingira yanayoshikiliwa na pampu, valvu na mafundi, na siku bajeti itakapokwama manyunyu yatakoma tena. Huo ni uangalizi wa kudumu, unahitaji mfuko wa kudumu, na ingekuwa haki kwa nchi kuelezwa hivyo tangu siku mtambo unasanifiwa. Gharama ya chura ni sehemu ya gharama ya umeme.

Majengo: chokaa, saruji na mwaka 1896

Wahandisi wa majengo ya kale wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu kuliko wanamazingira. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 uliweka kanuni kwamba ukarabati ukome pale ambapo kubahatisha kunaanzia. Ni kanuni nzuri, lakini haisemi uchague umri gani wa jengo.

Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga eneo la kasri. Mnara uliosimama mbele ya jengo ukaharibiwa, na baadaye mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Picha ambayo Wazanzibari wanaibeba moyoni, ile yenye saa katikati, ni ya baada ya mizinga. Kuirudisha ya Barghash ni kuufuta mnara ambao watu wanaujua. Kuirudisha yenye mnara ni kuitunza kazi iliyofanywa baada ya ushindi wa Waingereza. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Jengo la mawe ya matumbawe, chokaa na boriti lina pumzi yake: chokaa hupitisha unyevu, saruji huufungia ndani, na ukarabati wa haraka unaotumia saruji huozesha ukuta ambao kwa nje unaonekana mpya.

Iringa ina boma lake la enzi za Wajerumani, lililokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Hapa uamuzi ulikuwa tofauti: kuta zikabaki, kazi ya jengo ikageuzwa. Jengo la utawala wa kigeni sasa linaeleza historia ya waliotawaliwa. Ungeweza kusema huo si urejeshaji hata kidogo, na ungekuwa sahihi kwa kipimo cha mwaka wa ujenzi. Kwa kipimo cha manufaa kwa mtoto wa shule wa Kilolo au Kalenga, ni bora kuliko ofisi ya mkuu wa wilaya iliyopakwa rangi ileile ya zamani.

Fuvu la Mkwawa

Ukitoka Ilula kwenda Iringa unapita Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yaliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga iliangushwa Oktoba 1894, na Mkwawa akapigana vita vya msituni hadi alipojiua Julai 1898. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Mwaka 1919 fuvu hilo likaingia kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35.

Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelipata, kwenye makumbusho ya Bremen, katikati ya mkusanyo wa mafuvu takribani 2,000. Alichagua moja lenye vipimo vilivyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa na lenye alama ya risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge. Je, ni lake? Hakuna kipimo cha wakati ule kilichoweza kuthibitisha. Wala Waingereza hawakuwa wasafi: Kenya ilikuwa ikiwaka moto wa Mau Mau, na ni vigumu kutenganisha sherehe ile na haja ya kuwapata Wahehe upande wa Serikali.

Anayeshikilia uhalisi atasema urejeshaji wenye shaka ya namna hii una kasoro isiyofutika. Anayeshikilia haki ya walioumizwa atajibu kwamba mkosaji alilazimika kukiri, ukoo ukapata kitu cha kuzika huzuni yake, na Kalenga ikapata mahali pa kumbukumbu. Nakubaliana na huyu wa pili kwa sehemu kubwa, kwa sharti moja: shaka isemwe waziwazi. Hili si la historia tu. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa maovu ya ukoloni tarehe 1 Novemba 2023, na familia za Kilimanjaro, ukiwemo ukoo wa Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, zingali zikitafuta vichwa vya wazee wao. Leo kuna vipimo vya vinasaba. Kuwapa watu hawa fuvu la kukisia, kwa haraka ya kisiasa, kutakuwa kosa ambalo Twining angalau alikuwa na udhuru nalo.

Uganda inafundisha upande mwingine wa haki. Milki zilizofutwa mwaka 1967 zilirejeshwa mwaka 1993, na Kabaka Ronald Mutebi wa Buganda akatawazwa Julai ya mwaka huo. Kiti kilirudi, mamlaka ya kutawala hayakurudi. Baganda wengi walisherehekea siku hiyo, kisha wakaanza kudai ardhi na madaraka yaliyobaki nje. Ukirejesha jina bila kilichokuwa ndani yake, umefungua dai jipya.

Mwili na kundi

Maana mbili za mwisho ni fupi kuelezea, kwa kuwa zimekwisha kutatua mengi yanayowasumbua wengine. Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha maambukizi ya zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima katika kila mmoja. Dawa za kufubaza virusi haziufuti ugonjwa na hazimrudishi mtu alivyokuwa kabla. Zinarejesha kinga, nguvu ya kulima na uwezo wa kuzaa mtoto asiye na maambukizi, mradi zimezwe kila siku. Wauguzi wanalisema hilo siku ya kwanza, na mgonjwa anajua mkataba alioingia. Kihansi ilihitaji muuguzi wa namna hiyo.

Kurudi kundini nako kuna uwazi wake. Kosa linajulikana, hatua zinajulikana, na jumuiya nzima inashuhudia mwisho wa adhabu. Wapo wanaokosoa, kwa haki, kwamba mzigo wa aibu ya hadharani umekuwa ukiwalemea wanawake kuliko wanaume. Hata hivyo anayerejeshwa anapewa tena nafasi yake: anashiriki chakula cha Bwana, anaimba kwaya, mtoto wake anabatizwa. Wafugaji wa Usangu walioondolewa hawakuwahi kuambiwa ni lini na kwa masharti gani wangehesabiwa tena kuwa wenyeji wa mahali popote.

Kuzipima hoja

Kuna, basi, misimamo mitatu inayogombana chini ya neno moja. Wa kwanza unataka kitu kirudi kama kilivyokuwa. Unalinda uhalisi na unazuia ulaghai wa kuita kila upandaji miti urejeshaji; lakini hauna jibu kwa walioishi ndani ya muda uliopita. Wa pili unataka kazi ya kitu irudi: mto utiririke, kinga ipande, jengo litumike. Huu ndio unaowafaa watu wengi kwa haraka, ila unaweza kugeuka kisingizio cha kubadilisha kila kitu mradi kuna faida. Wa tatu unatazama mwenye haki: nani alinyang'anywa, arudishiwe. Bila huu, miwili ya kwanza huwa mikono ya wenye nguvu. Ukiachwa peke yake unaweza kurudisha jina tupu au fuvu lisilo lenyewe.

Kwa ardhi na maji, ambako maisha ya sasa ya watu yako rehani, mimi nauweka msimamo wa pili mbele, na wa tatu uwe sharti lake. Kwa mabaki ya wafu na mali zilizoporwa, wa tatu utangulie na uhalisi uufuate. Kwa majengo ya kale, uhalisi wa vifaa na ufundi, chokaa kwa chokaa, una haki ya kutangulia kuliko mahali pengine popote.

Mabonde ya Kilolo yanaweza kuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu kiwango chake kinashikika. Tangazo la kijiji lingeanza na milingoti iliyoko kwenye macho ya maji, ambayo haina mtetezi mwenye njaa. Lingetaja upana unaolingana na bonde lenyewe, lililopimwa na wenyeji pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ofisi zake ziko mjini Iringa. Lingetofautisha kinyungu cha jembe na bustani ya pampu, na kusema aliyesogezwa atalima wapi msimu huohuo. Na lingeandika mwaka wa bonde linalokusudiwa, ili mzee anayekumbuka maji yalipofikia mwaka huo aweze kusimama mkutanoni na kusema kama ni kweli.